Amenuna, au Jua Limemkaa Machoni?

Kama unaishi mjini huenda baiskeli kwako ni kitu cha watoto, kitu cha kununuliwa wakati wa sikukuu na kuachwa uani mara tairi linapopata pancha. Kwetu Ipole baiskeli ni mguu wa nyumba. Ndiyo inayoleta madumu ya maji kutoka kisimani, ndiyo inayobeba gunia la mahindi kwenda mashineni, asali kutoka porini, tumbaku, mkaa, na hata mama mjamzito anayekimbizwa zahanati usiku, amekaa upande kwenye keria, mume anakokota na jirani anamulika tochi. Wageni kutoka pwani hushangaa kumwona mama mtu mzima, kanga imefungwa vizuri kiunoni, ananyonga pedali bila wasiwasi wowote. Sisi hatuoni ajabu. Mama zetu walijifunzia baiskeli za waume zao, zile zenye bomba la katikati, kwa kupitisha mguu chini ya bomba kama watoto wafanyavyo mpaka leo.

Kijiji chetu kiko wilaya ya Sikonge, mkoani Tabora, pale barabara itokayo Tabora inapogawanyika, tawi moja likienda Koga na Mpanda, jingine likienda Rungwa hadi Chunya na Mbeya. Malori na mabasi ya Mpanda sasa hupita juu ya lami. Lakini maisha yetu wenyewe hayapiti sana kwenye lami. Yanapita kwenye vijia vya pembeni, vyembamba, vinavyokatiza katika miyombo kwenda mashambani, bondeni kwenye bustani, na kwenye vitongoji. Humo hupita kila mtu: waendao kwa miguu, wenye baiskeli, ng'ombe, bodaboda na watoto wa shule. Njia ni moja. Mkikutana, mmoja hana budi kusogea, na wote wawili hamna budi kutazamana usoni.

Hapo ndipo yanapozaliwa maneno mengi. Tumeolewa humu, tumezaa humu, na tunasema bila kusita kwamba ugomvi wa akina mama ulioanzia njiani ni mwingi kuliko ule ulioanzia kisimani. Kisimani watu hukaa, husemezana, na aliyeudhiwa hupata nafasi ya kuuliza. Njiani mtu hupita mara moja kama upepo, akakuachia sura yake tu. Nawe unakwenda na sura ile nyumbani, unapika nayo, unalala nayo. "Fulani leo kanikunjia ndita." Kesho yake na wewe unamkunjia.

Salamu zetu hazikutengenezwa kwa ajili ya magurudumu. Kwa Kinyamwezi asubuhi twasema "Wangaluka" kwa rika letu, na "Mwangaluka" kwa yule tunayemheshimu, na mwanamke aliyelelewa vizuri huinama au hupiga goti. Baada ya hapo ndipo huja habari za nyumbani, za watoto, za mgonjwa, za shamba. Hata Kiswahili nacho kinataka muda: shikamoo haijakamilika mpaka marahaba ijibiwe. Sasa weka watu wawili juu ya baiskeli, mmoja anatelemka na mwingine anapanda. Wanapata nafasi ya maneno mawili tu. Hayo mengine hurushwa nyuma ya bega, "...nzuriii! Watoto hawajambooo!", na nusu yake huchukuliwa na upepo. Goti halipigiki. Mkono hauinuki, maana njia ina mchanga na ukiachia usukani kwa mkono mmoja utaanguka na mzigo wako. Basi uso unabaki kufanya kazi ya mdomo, mikono na magoti. Ni kazi kubwa mno kwa uso wa mtu anayepandisha mlima akiwa na madumu mawili.

Ni kweli kwamba kwa wakwe na wazee hatupiti juu ya baiskeli. Mtu hushuka, akaegemeza baiskeli kiunoni, akaamkia. Na kwa wakwe wa jinsia tofauti adabu ni kubwa zaidi, maana mama mkwe akimwona mkwewe wa kiume anakuja, mmoja wao huacha njia kabisa, akajitia kichakani mpaka mwenzake apite. Mgeni asiyejua akiona hivyo atafikiri watu hawa wana uadui. Kumbe ni heshima tupu. Tunalitaja jambo hili ili kuonyesha kwamba hata kwa desturi zetu wenyewe, kumwepuka mtu njiani na kumchukia ni mambo mawili tofauti.

Tuutazame uso wenyewe sasa. Mtu akitumia nguvu, paji la uso hujikunja. Jambo hili Charles Darwin, yule mtaalamu wa viumbe wa Uingereza, alilieleza katika kitabu chake cha mwaka 1872 kuhusu namna binadamu na wanyama wanavyoonyesha hisia: kwamba mtu hukunja nyusi anapopambana na jambo gumu, liwe la mawazo au la vitendo, wala si lazima awe na hasira. Watafiti wawili, de Morree na Marcora, walilipima hilo kwa vyombo. Mwaka 2010 walitoa matokeo yao juu ya watu walionyanyua uzito kwa miguu, na mwaka 2012 wakatoa ya waendesha baiskeli. Waliweka vipokezi kwenye msuli mdogo ulio juu ya nyusi, ule unaokunja ndita. Kadiri mtu alivyoona kazi ya kunyonga imekuwa nzito, ndivyo msuli ule ulivyozidi kujikaza. Wala hakuwepo mtu wa kumkasirikia. Ilikuwa ni pedali tu.

Jua nalo lina lake. Mwaka 2013 watafiti wa Italia walichapisha uchunguzi juu ya watu waliokuwa wakitembea nje. Waliolikabili jua bila miwani walijisikia na hasira zaidi kuliko wale waliolipa kisogo au waliovaa miwani ya jua. Yaani uso uliokunjwa na mwanga ulianza kumdanganya hata mwenyewe. Kwetu Tabora, kuanzia Juni hadi Oktoba anga halina wingu, na jua la saa moja asubuhi linakuja chini chini kati ya miti, likikupiga machoni moja kwa moja. Kiangazi kile kile ndicho chenye baridi ya alfajiri inayotoa machozi, na vumbi, na mbung'o. Asiyewajua mbung'o tumwambie: ni inzi mkali wa porini, anauma hata juu ya nguo. Mwenye baiskeli hufuatwa na mbung'o njia nzima. Utamwona mama anatikisa kichwa, anajipiga bega, anabana midomo, anatema mate pembeni, na wewe uliye mbele yake unadhani anakutemea wewe.

Yote hayo tungeyaacha kama mambo ya kuchekesha, kama yasingemfika mwenzetu mmoja.

Tuna kikundi cha kuweka na kukopa, cha aina ile inayoitwa VICOBA. Mwanachama akitaka mkopo lazima apate wadhamini miongoni mwa wenzake wanaokaa naye katika kundi dogo la watu watano. Mwenzetu huyo, mama wa watoto wanne, mwanawe wa kwanza alichaguliwa kuingia kidato cha tano katika shule ya bweni ya mbali. Mwezi wa sita ulikuwa unaisha. Zilitakiwa fedha za godoro, sare, vifaa na nauli. Baba wa mtoto alikuwa porini kwenye mizinga, na asali ilikuwa bado kuuzwa. Mama akaomba shilingi laki tatu. Hakuwahi kuchelewesha rejesho hata wiki moja. Kumbe wenzake watatu wa kundi lake wakakataa kumdhamini.

Walipoulizwa sababu, hawakusema neno juu ya fedha. Walisema, "Huyu mama anajisikia. Kila asubuhi tunakutana naye njiani, anatukazia uso. Jioni hivyo hivyo. Mtu asiyeweza kutusalimu akiwa hana kitu, akipata hela zetu atatujua?" Mmoja akaongeza methali, "Akufukuzaye hakwambii toka." Na kweli methali hiyo ndiyo inayotufanya wengi tusome nyuso za watu kwa bidii, kwa kuwa mtu mwenye adabu hatakwambia neno baya, basi wewe unalitafuta usoni pake.

Sisi tunaokaa naye jirani tulishangaa, maana tunamjua kuwa ni mpole, sauti yake ndogo, mwenye aibu kidogo. Tulijaribu kusema naye, akalia tu. Alisema hajawahi kuwapita wenzake bila kuwaamkia. Neno lake dhidi ya maneno ya watu watatu halikusimama. Wiki ya kwanza ya Julai ikapita, wanafunzi wenzake wa yule kijana wakaondoka, yeye akabaki anachunga ng'ombe wa mjomba.

Jambo lilifunuliwa na bibi mmoja wa kikundi, mtu mzima sana, mguu wake mmoja ulikuwa umeteguka. Alitaka kwenda kuangalia mboga zake bondeni, akaomba abebwe kwenye keria, na aliyembeba ni mama yule yule. Bondeni kuko mashariki ya kijiji. Walitoka jua likichomoza. Bibi anasimulia kwamba tangu walipoacha nyumba za mwisho mwanga uliwapiga machoni kiasi kwamba yeye mwenyewe alijifunika kanga. Mwendeshaji hakuweza kujifunika. Alikuwa anafinya macho, anatafuta mizizi njiani kwa hofu ya kumwangusha bibi. Mara mbele wakatokea watu watatu wanakuja, nao wamepanda baiskeli, mabeseni ya nyanya nyuma, wanawahi sokoni. Kwa aliyetazama mashariki walikuwa vivuli vitatu vyeusi, hawana uso wala rangi ya kanga. Mama akauliza kwa sauti ya chini, "Hao ni akina nani, bibi?" Kisha bila kujua ni nani akasema "Mwangaluka," kwa heshima, ile ya wakubwa. Wale wakapita kimya. Walipokwisha pita ndipo bibi akageuza shingo, na sasa jua likiwa nyuma yake akawaona barabara: kanga alizijua, mabeseni aliyajua. Ndio wale watatu.

Bibi yetu huyo hakusoma sana, lakini akili yake ni ya kupambanua. Alikaa bondeni siku nzima akilifikiri jambo lile, akangoja na safari ya kurudi. Jioni jua limehamia magharibi, na mama anarudi kijijini akielekea huko huko magharibi. Akalikabili tena. Wale watatu, wanaokaa kitongoji cha mashariki, walikuwa wanatoka sokoni kurudi kwao, jua liko mgongoni mwao tena. Kwa hiyo asubuhi na jioni, siku zote za kiangazi, wao walikuwa wakiuona uso wa mwenzao umemulikwa kama kwa taa, umekunjamana, macho yamefinywa, meno nje. Na yeye aliona vivuli. Wao walikwenda na kurudi wakiwa na nyuso laini, maana jua lilikuwa rafiki yao safari zote mbili. Basi kwa macho yao, mwenye hatia ya uso alikuwa mmoja tu.

Kwenye kikao cha Jumamosi bibi alisimama akaeleza. Hakumlaumu mtu. Alisema tu, "Kesho asubuhi twendeni wote hadi kwenye ule mkuyu, tutazame mashariki, halafu tuulizane nani ananuna." Wengine walicheka. Wawili kati ya wale watatu wakaweka sahihi siku ile ile. Wa tatu akasema atafikiri, na mpaka leo hajasema amefikia wapi. Nafasi yake ilichukuliwa na mwanachama mwingine. Fedha zilitoka, kijana akaripoti shuleni akiwa amechelewa wiki tatu. Wiki tatu za kidato cha tano si kitu kidogo kwa mtoto wa sayansi. Alimaliza muhula wa kwanza akiwa nyuma ya wenzake katika fizikia, na mama yake alilipia daftari za kunakili masomo yaliyompita.

Mwaka uliofuata kisima cha bondeni kilipungua maji, na mama yule akahamishia bustani yake upande wa magharibi. Sasa anakwenda jua likiwa mgongoni, anarudi jua likiwa mgongoni. Watu wanasema mkopo umemlainisha, siku hizi anacheka na kila mtu.

Tuliyaeleza hayo kwa kirefu kwa sababu tunaona kwamba si ya Ipole peke yake, wala si ya leo. Njia hizi zimekanyagwa na watu wengi kabla ya baiskeli kuletwa. Tabora ilikuwa kituo kikuu cha misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji, na matawi ya njia yalikwenda kusini na kaskazini. Wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi, babu zetu, kila mmoja na mzigo wa karibu kilo 30 begani au kichwani. Mwingereza Richard Burton, aliyefika Tabora Novemba 1857 pamoja na Speke, aliandika katika kitabu chake cha mwaka 1860 jinsi misafara miwili yenye urafiki ilivyokutana njiani. Viongozi wawili walisogeleana kwa madaha, hatua moja na kusimama, wakitazamana kwa jicho la pembeni. Kisha ghafla wote wakainama na kugongana vichwa kama kondoo dume. Na wapagazi wao nyuma wakafuata, wakasukumana na kugongana, hata mgeni akadhani vita imeanza. Kumbe kama hapakuwa na kinyongo, mambo yaliishia katika vicheko. Kisha upande dhaifu ukaacha njia na kutoa zawadi ndogo. Burton aliandika pia kwamba misafara mingine ilipogombea njia watu walipigana kweli, ila kwa kawaida walitumia upinde na mkuki kama fimbo tu.

Tunapenda habari hii. Inaonyesha kwamba babu zetu walijua njia nyembamba huleta chuki, wakajitengenezea mchezo wa kuimaliza chuki hiyo papo hapo, kabla mtu hajaondoka nayo. Utani ni mchezo wa jamaa hiyo hiyo. Mnyamwezi na Mzaramo wameitana majina mabaya tangu siku za misafara, na hakuna aliyeshtaki, kwa kuwa ni watani. Mpaka leo mtani akikukuta njiani na baiskeli atakwambia, "Ondoa sura yako hiyo, unazuia jua!" nawe unamrudishia neno baya zaidi, na wote mnaendelea na safari mmefurahi. Shida iko kwa wale ambao si watani, si ndugu, si wageni kabisa. Wale tunaojuana nusu nusu. Hao ndio tunaowasoma uso.

Na kusoma uso si elimu ya uhakika kama tunavyodhani. Mwaka 2020 ulitolewa uchunguzi uliofanywa hapa hapa Tanzania miongoni mwa Wahadzabe, wale wawindaji wa Ziwa Eyasi. Walisimuliwa hadithi ya mtu aliyepatwa na jambo, kisha wakaonyeshwa picha za nyuso wachague ile inayolingana. Majibu yao hayakuunga mkono dhana kwamba watu wote duniani huona hasira ile ile au hofu ile ile katika sura ile ile. Kama ndivyo ilivyo kwa picha iliyotulia mezani, ya mtu apitaye mbio juu ya baiskeli itakuwaje?

Sasa kuna upande wa pili ambao wanaume hawausemi, na sisi tunausema. Wapo wanaotushauri, "Tabasamuni tu, kila mtu, yaishe." Ushauri huo ni mwepesi kwa mwanamume. Mwanamke aliyeolewa akitabasamu kwa kila anayepita, zitamfikia mumewe habari kabla chungu hakijachemka: "Mkeo anachekeana na wauza mkaa." Tunawajua akina mama waliopigwa marufuku kupanda baiskeli kwa sababu ya tabasamu moja alilopewa mtu asiyestahili, au aliyelisoma vibaya. Mwanamke akinyimwa baiskeli amenyimwa soko, bustani na zahanati kwa mara moja. Kwa hiyo wengi wetu tumejifunza uso mkavu kwa makusudi. Tunauvaa kama tunavyovaa kanga ya pili. Mwenzetu akituona tumeuvaa, asifikiri umevaliwa kwa ajili yake. Umevaliwa kwa ajili ya yule kijana mwenye redio kwenye usukani anayekuja nyuma yake.

Kwa hiyo sisi tumeona afadhali kutegemea sauti kuliko uso. Sauti inaweza kuwa na heshima bila kuwa na mwaliko. Na ukitaja jina au cheo cha mtu, "Mama Fulani, mwangaluka!", hata kama uso umekunjamana kwa mlima, atajua kwamba umemwona. Tena mwenye jua machoni ndiye anayepaswa kusemeshwa kwanza na mwenye jua mgongoni, kwa maana huyu wa pili ndiye anayeona. Hilo la mwisho ni la bibi yetu, na wakorofi wa kijiji wamelipa jina la "sheria ya bibi".

Kengele nayo inahitaji busara. Kwa mpanda baiskeli kengele ni salamu. Kwa mzee atembeaye kwa miguu mbele yake ni amri ya kumfukuza njiani. Wazee kadhaa wamelalamika kwa mwenyekiti wa kitongoji kwamba wanapigiwa kengele kama ng'ombe. Mlio mmoja kutoka mbali hauna ubaya. Ukikaribia acha kengele, sema kwa mdomo, "Shikamoo baba, naomba njia." Na kama baiskeli yako haina kengele, kama zilivyo nyingi hapa, basi Mungu amekupunguzia kosa moja.

Kwa mabinti zetu tunazo tahadhari zaidi. Wengi wanasafiri kilomita kadhaa kwenda sekondari, wenye bahati kwa baiskeli, wengine kwa miguu. Njiani kuna bodaboda wenye nyuso za bashasha kuliko baba zao, wanatoa lifti, wanatoa chipsi. Sheria ya Elimu ilirekebishwa mwaka 2016, na anayempa mimba mwanafunzi anaweza kufungwa miaka 30 jela. Vijana hao wanaijua sheria hiyo, na bado wanatabasamu. Binti aliyefundishwa kwamba uso wa furaha ni wa mtu mwema na uso mkavu ni wa mtu mbaya, amefundishwa kinyume. Mzee aliyekunja ndita akisukuma gunia la mkaa ndiye huenda atakayesimama kumsaidia cheni ikikatika.

Hivyo nyumbani kwetu tunawazoeza hivi. Akikutana na mtu yeyote amwamkie kwa sauti, waziwazi, awe mzee, kijana, mwenye sura nzuri au mbaya. Asipunguze mwendo kwa mtu asiyemjua. Akiulizwa jambo ajibu akiwa ananyonga, "Shikamoo, nawahi shule!" Tumewasikia asubuhi wakipita nyuma ya nyumba, sauti zao zikitangulia magurudumu. Wengi wanaopishana nao hujibu marahaba. Wachache hawajibu kitu, na wasichana hawageuki kuwatazama.